Kifo kilichoanza mezani: Robert Prager na mji wa Collinsville, 1918

Asanteni sana. Sogeeni mbele, viti vipo, waachieni kina mama wenye watoto hivyo vya karibu na mlango. Wazee wangu, shikamooni.

Sitaanza na habari za Marekani kuingia Vita Kuu ya Kwanza. Vijana wameyasoma hayo shuleni, na wazee mnayajua kwa upande wetu, maana ni vita ile ile iliyowabebesha babu zetu mizigo ya wazungu na kutuachia jina la Kariakoo. Mimi leo nataka usiku mmoja tu, wa tarehe 4 kuamkia tarehe 5 Aprili 1918, katika mji wa Collinsville, jimbo la Illinois. Ukivuka daraja la Mississippi kutoka hapa St. Louis ukashika njia ya mashariki, ni mwendo wa kama kilometa 20. Wapo humu ndani wanaopita pale kila siku kwenda kazini.

Usiku ule kundi la watu wa mji lilimnyonga Robert Prager, Mjerumani wa miaka 30, mfanyakazi wa mgodi wa makaa ya mawe. Na ukiuliza kwa nini, utajibiwa vilevile na kila mtu: ilikuwa vita, watu walikuwa wamelewa, chuki ya Wajerumani ilikuwa imepanda. Jibu hilo limenichosha. Sisemi ni uongo. Vita ilikuwepo, pombe ilikuwepo, chuki ilikuwepo. Lakini tazameni majina. Meya wa mji aliitwa Siegel. Kijana aliyekiri kwa kinywa chake jinsi alivyoongoza lile kundi aliitwa Riegel. Jaji aliyekuja kusikiliza kesi aliitwa Bernreuter. Yasemeni kwa sauti: Siegel, Riegel, Bernreuter. Hayo ni majina yametoka wapi? Sensa ya 1910 ilikuta zaidi ya watu milioni 8 katika nchi hii waliozaliwa Ujerumani au wenye mzazi aliyezaliwa huko, na sehemu hii yetu ya mto ilikuwa imejaa wao, na makanisa yao, na magazeti yao, na viwanda vyao vya bia. Sasa kama kosa lilikuwa asili, mbona kamba ilimfikia huyu mmoja?

Nimelisema hili mahali pengi, na mtanisamehe wale mliokwisha kulisikia: Wajerumani wa Collinsville walikuwa wengi, na Prager alikuwa yule asiye na mtu. Hana mke, hana mtoto, hana shemeji mjini, hana mchungaji wa kumwulizia, hana miaka mingi pale. Ana chumba cha kupanga katika mtaa wa Vandalia na maneno mengi mdomoni, kwa sababu wote waliomkumbuka walisema alikuwa mbishi. Shaka ya wakati wa vita huwa inasema inamtafuta jasusi. Mimi nasema inamtafuta aliye peke yake, na ikishampata ndipo inampa kazi ya ujasusi.

Mtazameni alivyokuwa. Alizaliwa Dresden mwaka 1888, akaja Marekani mwaka 1905, kijana wa miaka 17 bila wazazi. Alitangatanga. Aliwahi kufungwa Indiana kwa wizi, sitalificha hilo, maana yupo kila mara mtu wa kunyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, lakini alikuwa mwizi." Ndiyo, aliiba, akafungwa, akamaliza kifungo chake. Alikuwa mwoka mikate. Marekani ilipotangaza vita mwezi Aprili 1917, mtu huyu alichukua karatasi za kwanza za kuomba uraia. Alipeperusha bendera ya Marekani dirishani kwake. Alijiandikisha kwenye orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini kama sheria ilivyotaka, kisha akaenda mwenyewe kuomba kujiunga na jeshi la wanamaji, wakamkataa kwa sababu za afya. Jicho lake moja lilikuwa la kioo. Nauliza, mlitaka afanye nini tena? Kila mlango wa uzalendo uliokuwepo aliugonga. Kuna watu waliozaliwa Collinsville ambao hawakugonga hata mmoja.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, na hapa nitakaa.

Wakati wa vita makaa yalitakiwa sana na mgodini kulikuwa na pesa kuliko kwenye tanuri la mikate. Prager akapata kazi katika mgodi wa Maryville, kijiji cha wachimbaji kaskazini ya Collinsville. Huko huwezi kufanya kazi bila chama cha wafanyakazi. Chama cha wachimbaji kilikuwa na nguvu, na kilikuwa na nguvu kwa haki, watu walikufa wakikijenga, sina neno baya juu ya chama. Mgeni hupewa kibali cha muda afanye kazi huku maombi yake ya uanachama yakitazamwa. Prager akapewa kibali. Akashuka mgodini. Kisha maombi yake yakakataliwa.

Kwa nini? Kwa sababu ya maneno. Kwamba anazungumza kama msoshalisti. Kwamba anauliza maswali mengi juu ya mgodi. Kwamba labda atalipua. Ushahidi haukuwepo siku ile, na haukupatikana baadaye. Ndugu zangu, mnajua nini maana ya kunyimwa kadi ya chama mwaka 1918 katika kijiji chenye mgodi? Ni kunyimwa kazi, lakini hilo ndilo dogo. Ni kwamba watu waliokaa mezani, mchana, wazima, hawajanusa pombe, wamekwisha kuuambia mji mzima: huyu si wetu. Hakuna aliyesema auawe. Hakukuwa na haja ya kusema. Baada ya hapo, yeyote atakayempiga Prager ngumi barabarani anajua hakuna mkutano utakaoitishwa kwa ajili yake, hakuna mgomo, hakuna mwenyekiti wa tawi atakayekwenda polisi kuuliza. Kadi ile ilikuwa ukuta wake, nao wakauondoa. Ndiyo maana nasema kifo kile kilianza mezani.

Nitawapa mfano wa karibu, na wenye mfano wananiruhusu kila mara mradi nisitaje majina. Kuna kijana wetu mmoja, ametoka kambi ya wakimbizi, amefika mji huu hana hata miezi minne. Aliomba kazi kwenye ghala moja. Wakampa siku za majaribio, kisha wakamwambia fomu yake ina tatizo, arudi. Akarudi. Arudi tena. Mara nne kijana anakwenda peke yake, anasimama kwenye kile kidirisha, msichana wa ndani hainui hata macho. Halafu yakaanza maneno kule ghalani, kwamba huyu mbona karatasi zake haziishi, huyu kuna kitu. Mnaona? Fomu imelala kwenye droo ya mtu mwingine, lakini anayenuka ni yeye! Mara ya tano tulikwenda wanne: mimi, mchungaji wake, dada mmoja aliyefanya kazi pale miaka sita, na yeye. Hatukupandisha sauti. Tulikaa tu kwenye vile viti vya plastiki, wote wanne, tukasema tunasubiri. Dakika ishirini, fomu ikapatikana. Haikuwa na tatizo lolote. Na yale maneno ya ghalani yakaisha wiki ile ile, bila mtu kuyakanusha, kwa sababu watu walikwisha kuona kwamba kijana ana wenyewe.

Ni hilo tu. Prager alikwenda kwenye kidirisha peke yake.

Na alipokataliwa alifanya kosa ambalo mtu mwenye wenyewe angekatazwa nyumbani asilifanye. Usiku wa tarehe 3 Aprili wachimbaji walimtembeza kijijini kwa kumdhihaki, wakamwambia asionekane tena Maryville. Kwa haki niseme kwamba viongozi wa tawi wenyewe walimtoa pale usiku ule ili asidhuriwe. Kesho yake, badala ya kufunga virago, akaandika tangazo la kujitetea, akaenda kulibandika sehemu mbalimbali za kijiji: mimi ni mfanyakazi mwenzenu, mimi si adui wa nchi hii, kiongozi wenu amenidhulumu. Kila neno alilibandika kwa kuamini kwamba watu wakisoma wataelewa. Angekuwa na kaka, kaka angemwambia, "Robert, kaa ndani, niachie mimi niende." Hakuwa na kaka. Wachimbaji walipotoka mgodini wakayakuta matangazo.

Najua mtu wa swali la majasusi ameshajiandaa, nimemwona pale nyuma, basi nimjibu kabisa. Majasusi walikuwepo! Mwezi Julai 1916, kabla Marekani haijaingia vitani, mawakala wa Ujerumani walilipua ghala kubwa la silaha la Black Tom, kwenye bandari ya New York upande wa New Jersey. Mwishoni mwa 1915 Franz von Papen, mwambata wa kijeshi wa ubalozi wa Ujerumani, alifukuzwa nchini kwa hila za namna hiyo. Hayo yalitokea, na serikali ilikuwa na haki ya kutafuta. Lakini watazameni watu wenyewe. Von Papen alikuwa ofisa wa ubalozi, ana suti, ana fedha, ana meza ya chakula na wakubwa. Jasusi wa kweli huwa na mtu, tena huwa na watu wengi, maana ametumwa. Alifukuzwa kwa heshima zote za kibalozi akarudi kwao kuendelea na maisha yake. Aliyekufa ni mwoka mikate mwenye jicho moja anayegombania kadi ya chama. Basi shaka ile ililinda nini?

Na shaka ilikuwa na watu wa kuichochea, tusidhani iliota yenyewe kama uyoga. Serikali ya Rais Wilson iliunda kamati ya habari chini ya George Creel, na kamati ile ikapata wasemaji wa kujitolea kama 75,000 wa kusimama kwenye majumba ya sinema wakati kanda inabadilishwa, dakika nne, kueleza vita na kuhimiza watu. Nchi nzima. Kukawa na jumuiya ya raia wa kuchunguza majirani zao, watu kama laki mbili na nusu, wenye beji, wakiwa na baraka za Wizara ya Sheria. Mwezi Februari 1918 kila mwanamume Mjerumani asiye raia alitakiwa kwenda kuandikishwa, apigwe picha, achukuliwe alama za vidole, na atembee na kadi ya mgeni wa taifa adui. Wanawake wakafuata mwezi Juni. Kwa hiyo mtu wa Collinsville alikuwa ameambiwa na serikali yake kwa mwaka mzima: fungua macho, adui yuko karibu nawe. Akatazama karibu naye. Jirani wa Kijerumani aliyekaa miaka thelathini, aliyemuuzia viatu, aliyeimba naye kanisani, hakumwona kuwa adui. Akamwona aliyekuja juzi.

Usiku wenyewe nitausema kama ulivyokuwa, bila kuongeza.

Kiasi cha saa nne usiku kundi lilitoka kwenye mabaa likaja mtaa wa Vandalia. Wakamwita atoke. Wakamwamuru avue viatu. Nataka mkae na hilo la viatu kidogo. Mwanzoni mwa Aprili huku kwetu mnakujua, usiku barabara ni baridi ya kuuma. Wakamvika bendera ya Marekani mwilini, wakamtembeza barabara kuu peku, wakimlazimisha aimbe nyimbo za taifa. Bendera ile ile aliyokuwa akiitundika dirishani mwenyewe bila kulazimishwa na mtu.

Askari mmoja wa mji akafanya kazi yake. Akamchukua mikononi mwao, akampeleka mahabusu kwenye jengo la halmashauri. Mtu mmoja tu kwenye simulizi nzima aliyesimama kati ya Prager na lile kundi akafanikiwa, na alifanikiwa kwa muda. Watu wakajaa nje, mamia. Meya Siegel akatoka kwenye ngazi akawasihi: mwacheni, tumwachie serikali kuu. Wakapiga kelele. Akawaambia kwamba mtu wenu hayupo tena, ameshaondolewa. Wakasema kama hayupo basi tuingie tutafute. Na wakaachiwa waingie.

Waliingia wakatafuta chumba hadi chumba. Wakamkuta chini kabisa, kwenye chumba cha chini ya ardhi, amejificha katika mabomba ya udongo, yale ya maji machafu, yaliyohifadhiwa pale. Huyu ni mtu mzima wa miaka 30. Nikifika hapo kila mara najiuliza alisikia nini akiwa mle. Viatu vya watu juu ya kichwa chake, nadhani. Milango. Na sauti ambazo baadhi yake alizijua.

Wakamtoa, wakaelekea naye magharibi, barabara ya kuja huku St. Louis. Askari waliwafuata kwa mbali mpaka kwenye mpaka wa mji, pale wakasimama wakarudi, kwa hoja kwamba mbele ya hapo si eneo lao. Mbele ya hapo palikuwa kilimani, penye mti. Kuna waliotaka kumpaka lami na kumbandika manyoya tu, lakini lami haikupatikana, kamba ikapatikana. Wakamhoji, je, wewe jasusi, wenzako ni nani. Akakana. Akaomba kuwaandikia wazazi wake, wakamruhusu. Akaandika kwa Kijerumani, mistari michache, kwamba wazazi wapendwa, leo tarehe 5 Aprili 1918 sina budi kufa, niombeeni, hii ndiyo barua yangu ya mwisho. Akapiga magoti akasali. Watu kama 200 walikuwa wanatazama, na wamo watoto. Yapata saa sita na nusu usiku ikawa imekwisha.

Kati ya watu 200 hakuna hata mmoja aliyesema, "Huyu namjua." Nimesoma habari hizi miaka mingi na hilo ndilo ninalolitafuta kila mara, sauti moja tu. Wapo waliotaka apewe adhabu ndogo zaidi. Aliyesema namjua hayupo.

Dada umenyoosha mkono, na nalijua swali lako kwa sababu ni swali zito na linaulizwa kwa haki: kwa nini tumlilie mzungu mmoja wakati watu weusi waliuawa hivyo kila mwezi? Ni kweli tupu. NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kilipofanya hesabu mwaka 1919, kilipata watu 3,224 waliouawa na makundi bila kesi kati ya 1889 na 1918, na 2,522 kati yao walikuwa weusi. Na miezi tisa tu kabla ya Prager, tarehe 2 Julai 1917, katika mji wa East St. Louis, hapo katikati ya tulipo na Collinsville, wazungu waliwavamia watu weusi, wakachoma nyumba zao, wakaua. Hesabu ya serikali ilisema weusi waliouawa hawakupungua 39, na waliokuwepo walisema ni wengi zaidi. Kisa kilianzia wapi? Viwandani. Migomo ilikuwa imevunjwa, weusi kutoka kusini wameajiriwa, vyama vya wafanyakazi vya wazungu vimekutana mezani na kusema hawa si wenzetu, waondolewe. Mezani tena, dada yangu! Sikuja kusema mateso ya Prager ni sawa na ya watu weusi, hayalingani hata kidogo; mtu mweusi hakuhitaji vita wala ugeni ili auawe, na alikuwa amezaliwa hapa. Nasema mji wa jirani uliona kwamba kundi linaweza kuua mchana kweupe na maisha yakaendelea. Somo hilo lilikuwa bado bichi. Aliyedhani litaishia kwa weusi alikosea. Hili lilistahili mhadhara wake, na nitauomba kwa wenyeji wetu.

Muda unakwenda, mwenyekiti ananionyesha saa, basi kesi niipitie haraka. Watu 11 walishtakiwa, kesi ikasikilizwa katika mji wa Edwardsville kuanzia mwezi Mei. Washtakiwa waliingia mahakamani wamebandika utepe mwekundu, mweupe na wa bluu vifuani. Bendi ya wanamaji ilikuwa mjini siku za mwisho, mvua ikanyesha, ikaingizwa ndani ya jengo la mahakama, ikapiga nyimbo za vita huku kesi ya mauaji inaendelea jengo hilo hilo. Tarehe 1 Juni wale 12 waliochaguliwa kuamua wakaenda chumbani, hata saa nzima haikufika, wakarudi: hawana hatia, wote. Na Riegel alikuwa ameshakiri! Magazeti yakaripoti kwamba mmoja wa wale 12 alisema sasa hakuna atakayethubutu kusema sisi si watiifu kwa nchi. Sikilizeni neno lile. Mji wenye majina ya Kijerumani ulikuwa unaogopa kushukiwa wenyewe. Walioogopa kipimo wakakipasi kwa mwili wa mtu mwingine.

Gazeti la Washington Post kule mji mkuu lilikuwa limeandika wiki moja tu baada ya mauaji kwamba pamoja na kupita kiasi kama huko kunyonga watu, ni mwamko wenye afya huko bara. Mwamko wenye afya. Rais Wilson alitoa tamko la kulaani vitendo vya makundi mwezi Julai tarehe 26, karibu miezi minne baada ya mauaji.

Nilitaka kueleza pia kuhusu lugha, nitasema kwa ufupi kwa sababu linawahusu kina mama wanaopiga simu nyumbani. Tarehe 23 Mei 1918 gavana wa Iowa, William Harding, alitoa amri kwamba hadharani, kwenye treni, shuleni na kwenye simu iongewe lugha moja tu, Kiingereza. Ibada kwa lugha nyingine ifanyikie nyumbani. Kuna wanawake wa shamba walitozwa faini kwa kuongea Kijerumani kwenye simu. Hata Wadenmaki na Wanorwe, ambao nchi zao hazikuwa vitani kabisa, waliguswa. Nebraska ilipitisha sheria ya namna hiyo kwa shule, mwalimu mmoja aliyeitwa Robert Meyer akatozwa dola 25 kwa kumfundisha mtoto kusoma kwa Kijerumani, akakataa kulipa, akapigania mpaka Mahakama Kuu ya nchi, akashinda mwaka 1923. Meyer alikuwa na kanisa nyuma yake. Kanisa lenye shule, wazazi, wakili. Msisahau hilo mnapomsifu.

Nimalizie kwa jambo ambalo miaka ya nyuma nilikuwa siliweki, kwa sababu lilikuwa linaharibu hoja yangu. Nasema Prager hakuwa na mtu. Si kweli kabisa. Alikuwa na watu, ila walikuwa huku, St. Louis. Alikuwa mwanachama wa chama cha kusaidiana cha Odd Fellows, tawi la Wajerumani, kama vile vyama vyetu vya kufa na kuzikana. Habari ilipowafikia walivuka mto wakauchukua mwili wake. Walimzika hapa hapa mjini, na kwenye jeneza waliweka bendera ya Marekani, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa ameomba. Baadaye wakamjengea jiwe, na jiwe linasema aliuawa na kundi la watu. Kilometa 20. Walikuwa umbali wa kilometa 20 kutoka kwenye yale mabomba, na hakuna aliyewapigia simu, kwa sababu Collinsville hakukuwa na aliyejua kwamba mtu huyu ana wenzake.

Kwa hiyo pale mlangoni kuna daftari la bluu, lipo na Mama Mwenyekiti. Silitaki jina lako, wewe uko hapa, tunakufahamu. Nataka uandike jina la mtu mmoja aliyekuja mji huu mwaka huu ambaye leo hayupo ukumbini, mtaa anaokaa, mahali anapofanya kazi, na jina la mmoja wetu atakayempitia kabla ya Ijumaa. Mwaka jana yaliandikwa majina 31, na 9 hawakupitiwa na mtu yeyote. Nayajua yote tisa. Kaburi la Prager liko makaburi ya St. Matthew, Jumapili baada ya ibada tunakwenda na vijana, basi la kanisa lina viti 14, na mpaka sasa vilivyobaki ni vitano. Maswali sasa. Mzee, anza wewe.